Lugha ya Wezi Ilipopanda Jukwaani

Tulipokuwa chuoni, watoto wa mtaa mmoja tukisoma juzuu juu ya mkeka mmoja, tulikuwa na lugha yetu wenyewe. Tukiiita kinyume, na msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa sana: silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele, kitabu kikawa bukita na nyumba ikawa mbanyu. Siku moja adhuhuri, jua kali, maalimu kaegemea ukuta kafumba macho, mwenzangu akaninong'oneza: "Mumaali lakala, ketutoro." Yaani, maalimu kalala, tutoroke. Kabla sijamjibu, maalimu, macho yangali yamefumbwa, akasema kwa sauti ya upole: "Rabako lahaijala."

Bakora haijalala.

Hatukutoroka. Na toka siku ile hapana mtoto aliyesema kinyume mbele ya maalimu, kwani siri ikisha kujulikana na mwenye bakora si siri tena.

Kisa hiki nilikikumbuka majuzi, vijana wa mtaani kwetu waliponijia na daftari. Walikuwa wametunga mchezo wa kuigiza juu ya wachopozi wa kivukoni Likoni, nao walitaka niwasomee kabla hawajaanza mazoezi. Katika mchezo wao wachopozi huambizana kwa kinyume katikati ya abiria, na abiria hawana habari mpaka mifuko yao iwe mitupu. "Ami," wakaniambia, "tunataka watu wacheke, lakini pia wazindukane." Niliusoma, ukanipendeza.

Walakini mzee mmoja wa mtaa, mtu wa heshima zake, ambaye bila ya neno lake ukumbi haupatikani, alipopata habari alikataa katakata. "Mwanangu," akaniambia barazani, mbele ya watu, "wewe umekaa chuoni, umefunzwa adabu. Wezi wana lugha yao, waachieni wenyewe. Mkiileta mbele ya watoto wetu mtakuwa mmewafundisha nini, kama si wizi?"

Sikumjibu siku ile. Neno lake halikuwa neno la kupuuzwa, nami mwenyewe ni mzazi. Nilimwomba muda, nikarudi nyumbani nikavitoa vitabu vyangu vya tamthilia za Kiingereza cha kale, ambavyo nilianza kuvipenda tangu tuliposomeshwa Shakespeare shuleni. Nilijua kwamba hoja hii ya mzee si ngeni duniani. Huko Uingereza watu waligombana kwayo kwa karibu miaka mia tatu, na waliogombana walikuwa mahakimu, makasisi na washairi. Niliyoyasoma ndiyo haya ninayowaletea.

LUGHA ILIYOOKOTWA MLANGONI

Katika karne ya 16 Uingereza ilijaa watu wasio na kwao. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa, ambako maskini walikuwa wakipewa chakula mlangoni. Wenye ardhi nao walizizungushia ua konde zilizokuwa za kijiji kizima, wakafuga kondoo, maana sufu ilikuwa na bei. Wakulima waliofukuzwa, askari waliorudi vitani wasipate kazi, watumishi walioachishwa, wote wakamiminika barabarani. Baadhi yao waliomba, baadhi waliiba, na wengi walifanya yote mawili kwa kadiri njaa ilivyowaamuru.

Katika jimbo la Kent palikuwa na bwana mmoja mwenye ardhi, Thomas Harman. Maradhi yalimweka nyumbani mara nyingi, na waombaji walipokuja kupiga hodi yeye aliwahoji: hapa kwa kipande cha mkate, pale kwa vitisho, mpaka wakamfungulia siri zao. Mwaka 1567 alitoa kitabu cha kuwaonya Waingereza wenzake, na mwisho wa kitabu akaweka orodha ya maneno ya watu hao. Lugha yenyewe wengine wakiiita "cant", jina ambalo asili yake huhesabiwa kuwa neno la Kilatini la kuimba, kwa ajili ya sauti za waombaji. Wengine wakaiita Kifaransa cha wachuuzi.

Katika lugha hiyo nyumba ni "ken". Mtu mume ni "cove", mwanamke ni "mort". Usiku ni "darkmans" na mchana ni "lightmans". Viatu ni "stampers", yaani vikanyagio, na macho huitwa kwa jina la fundi wa vioo vya madirisha, "glaziers". Mkate ni "pannam", neno lililotokana na Kilatini. Kitu chochote ni "cheat": kuku ni kitu chenye kutetea, kondoo ni kitu chenye kulia, na mti wa kunyongea nao ni "cheat" vilevile. Kuna neno moja lililonifanya nikiweke kitabu chini kwa muda. Madhabahu ya kanisa waliiita "Salomon", ndiye Nabii Suleiman, aleyhi salaam, nao walikuwa wakiapa kwalo.

Nilipoipitia orodha nzima nilitambua jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani nitakuta majina ya dhahabu na vito. Niliyokuta zaidi ni mkate, jibini, maziwa, usingizi, majani ya kulalia, mkatale wa kufungia miguu, mjeledi na kitanzi. Mtu hutia mafumboni yale anayoyahitaji na yale anayoyaogopa, na watu hawa walihitaji chakula na waliogopa kamba.

Hata hivyo Harman hakukosea kusema kwamba baadhi yao walikuwa laghai wakubwa. Alikuwako mmoja aitwaye Nicholas Jennings, aliyemtokea Harman mwenyewe mjini London mwaka 1566, katika mtaa wa Whitefriars. Alijifanya ana kifafa, kajipaka damu na matope usoni, na povu mdomoni alilipata kwa kula sabuni. Alipokamatwa na kupekuliwa alikutwa na zaidi ya shilingi 13, fedha si haba kwa siku zile, na hatimaye alisimamishwa hadharani katika barabara ya Cheapside ili watu wamtazame na kumzomea. Wako pia walioitwa watu wa Abraham, waliojifanya wendawazimu waliotoka hospitali ya Bethlehem. Shakespeare alimchukua mtu wa aina hii akamtia katika mchezo wa Mfalme Lear: Edgar, mtoto wa bwana mkubwa, anapotaka kujificha asiuawe, huvaa matambara na kujifanya mwendawazimu mwombaji wa namna hiyo hiyo.

WACHEZAJI NA WAZURURAJI, SHERIA MOJA

Msomaji huenda akauliza: lugha hii ya vichakani ilipandaje jukwaani? Haikuwa na safari ndefu. Mwaka 1572 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaadhibu wazururaji. Aliyezidi umri wa miaka 14 akipatikana na hatia alichapwa mijeledi na kutobolewa sikio la kulia kwa chuma cha moto. Sheria iyo hiyo ilitaja miongoni mwa wazururaji waigizaji wa michezo wasiokuwa na bwana mkubwa wa kuwadhamini. Yaani, mwigizaji asiye na mdhamini na mwombaji wa barabarani walisimama mbele ya hakimu mmoja, kwa kosa moja.

Miaka minne baadaye, mwaka 1576, James Burbage alijenga ukumbi wa michezo huko Shoreditch, nje ya mji wa London, na kumbi nyingine zikafuata. Watu walijaa maelfu, na penye watu wengi wachopozi hawakosi. William Kemp, mchekeshaji aliyewahi kucheza pamoja na Shakespeare, aliandika mwaka 1600 kwamba mkata mifuko akikamatwa ukumbini wakati wa mchezo, wao humfunga kwenye nguzo palepale jukwaani ili kila mtu amwone. Basi mwizi wa kweli alifungwa jukwaani, pembeni ya mwigizaji anayejifanya mwizi.

MWANAMKE ALIYEFASIRI

Mwaka 1611 ulikuwa mwaka wa lugha hiyo. Kusini mwa mto Thames, katika ukumbi wa Globe, palichezwa mchezo wa Shakespeare ambamo mna mwizi Autolycus. Huyu hujilaza njiani akilia kwamba ameibiwa, na mjinga anayekuja kumwinua ndiye anayechopolewa mfuko. Baadaye huuza nyimbo katika karamu ya wakata manyoya ya kondoo, na watu wanapotega masikio kusikiliza, yeye huwakatia mikoba yao. Shakespeare hakumtia maneno mengi ya wezi kinywani. Alitumia machache, kama "prig" kwa maana ya mwizi, akamwacha mtazamaji auone ufundi wenyewe.

Kaskazini ya mji, katika ukumbi wa Fortune, mambo yalikuwa mengine. Thomas Dekker na Thomas Middleton walitunga mchezo juu ya mwanamke aliyekuwa hai wakati ule, Mary Frith, aliyejulikana kwa jina la Moll Mkata Mifuko. Alivaa nguo za kiume, alivuta tumbaku, na mwaka uo huo alikaa jukwaani pale Fortune akapiga gambusi la Kizungu na kuimba, jambo lililomfikisha mbele ya mahakama ya kanisa mapema mwaka 1612.

Katika sehemu ya mwisho ya mchezo huo Moll anatembea na mabwana wakubwa. Wanakuja waombaji wawili wanaojifanya askari waliojeruhiwa vitani. Moll anawatambua, anawasemesha kwa lugha yao, nao wanajibu. Mabwana wamesimama vinywa wazi, hawafahamu hata neno moja. Hapo Moll anageuka kuwafasiria, neno hili maana yake hivi na neno lile maana yake vile. Wanapopita wakata mifuko waliovaa kistaarabu, anawataja mmoja mmoja kwa kazi yake, na mkubwa wao anaamriwa arudishe mfuko wenye sarafu saba za dhahabu ulioibiwa katika ukumbi mwingine wa michezo.

Bwana mmoja anamwuliza swali lile lile la mzee wetu wa barazani: umezijulia wapi siri hizi? Jibu la Moll ni kwamba katika ujana wake aliwahi kuwaona watu hao na kukaa nao. Kisha anatoa mfano wa Venice: mtu aliyesafiri akaonyeshwa hila za wanawake malaya wa huko, na aliporudi akawasimulia rafiki zake ili wasinaswe, je, huyo atahesabiwa kuwa mmoja wa wenye hila? Kujua hila ya mwizi si kushirikiana naye.

Jibu hili lilinikaa moyoni. Ila sitaki kumficha msomaji upande wa pili. Tarehe 1 Oktoba 1612 mahakimu wa Middlesex walitoa amri ya kupiga marufuku ngoma na vichekesho vilivyochezwa mwisho wa michezo, na walioutaja ukumbi ni huo huo wa Fortune, wakisema wakata mifuko na watu waovu hujazana huko. Moll aliwafasiria watazamaji maneno ya wezi, lakini wezi hawakuacha kuja ukumbini.

WAANDISHI NAO WALIIBA

Sasa nataja jambo litakalomchekesha msomaji. Dekker aliyapata wapi maneno ya Moll? Alikuwa mtoto wa London, na tangu mwaka 1612 alifungwa kwa deni miaka karibu saba, kwa hiyo shida aliijua vyema. Lakini kabla ya mchezo, mwaka 1608, alikuwa ametoa vitabu viwili juu ya wahuni wa London, na sehemu kubwa ya maneno aliyoyaandika aliyanyanyua kutoka kwa Harman, aliyeandika miaka 40 na zaidi nyuma. Mwaka 1610 Samuel Rid alitoa kitabu cha kumsuta: kwamba amenakili kazi ya mtu, na kwamba maneno mengine yamekwisha kuchakaa.

Kwa hiyo mtazamaji wa Fortune alilipa senti yake akidhani anasikia siri ya jana usiku, kumbe anasikia maneno aliyoambiwa Harman mlangoni kwake na waombaji ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Wezi wa kweli hawakungoja. Neno likisha kupigwa chapa huachwa, likaundwa jingine. Sisi wa chuoni tulifanya vivyo hivyo: maalimu alipoijua kinyume yetu, wajanja miongoni mwetu wakaanza kutia silabi za ziada katikati.

Katika miaka iliyofuata lugha hii iligeuka pambo. Mwaka 1621 Ben Jonson aliwaandikia wakubwa mchezo ambamo kipenzi cha Mfalme James I, bwana wa Buckingham, alivaa kama mhamaji akamtazamia Mfalme kiganja, na Mfalme akapendezwa mno. Mwaka 1641 Richard Brome, aliyewahi kuwa mtumishi wa Jonson, alitunga mchezo ambamo mabinti wawili wa tajiri wanatoroka kwao wakaishi na waombaji, wakidhani maisha hayo ni nyimbo na uhuru. Usiku wa kwanza tu wa kulalia majani makavu uliwafundisha mengine. Mwaka 1642 Bunge lilizifunga kumbi zote za michezo kwa ajili ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Waliocheka jukwaa lilipokuwa wazi hawakuwa na sikio lililotobolewa kwa chuma cha moto.

MJINGA ALIYEPENDA MANENO

Kumbi zilifunguliwa tena mwaka 1660, na mwaka 1688 ukaja mchezo ambao kwangu mimi ndio wenye mafunzo kuliko yote. Mtungaji wake ni Thomas Shadwell, na mahali pake ni Whitefriars, mtaa ule ule ambao Harman alikutana na mwenye povu la sabuni. Hapo zamani palikuwa na nyumba ya watawa, na kwa desturi iliyobaki askari hawakuweza kumkamata mtu kwa deni akiwa ndani ya mtaa. Basi wadeni, matapeli na walaghai walijaa humo, wakapaita Alsatia.

Katika mchezo huo kijana mmoja wa shamba, Belfond, mrithi wa mali nyingi, anakuja London kwa siri, baba yake hana habari. Anapokelewa na Cheatly, tapeli asiyethubutu kutoka nje ya mtaa kwa madeni. Pamoja naye yuko Shamwell, jamaa yake Belfond mwenyewe, aliyewahi kuwa mrithi kama yeye akafilisiwa na Cheatly, na sasa kazi yake ni kuwa chambo cha kuwavutia wengine. Mabwana hawa wanampa kijana mvinyo, nguo na mikopo ya kulipwa atakaporithi. Kisha wanamfundisha maneno yao. Fedha taslimu ni "rhino", neno ambalo Mwingereza wa leo akilisikia atafikiri kifaru. Gine ni "megg", shilingi ni "hog", yaani nguruwe.

Belfond anafurahi kama mtoto aliyepewa kishada. Kila neno jipya analirudia na kulicheka, anajiona amekwisha kuwa mtu wa mjini. Lakini hawa walikuwa na majina mawili ya mtu mjinga anayeliwa mali yake, "bubble" na "putt", na kijana anayeyashangilia maneno ndiye mwenye majina hayo. Amejifunza msamiati mzima asijue kwamba yeye mwenyewe yumo ndani yake.

Mchezo ulidumu siku 13, jambo la nadra siku zile, na ulipopigwa chapa Shadwell aliweka mwanzoni orodha ya maneno hayo na maana zake. Mwaka 1697 Bunge liliondoa kinga ya mtaa huo. Sisemi kwamba ni mchezo uliofanya hivyo, lakini kwa miaka tisa Waingereza walikuwa wamekwisha kuambiwa waziwazi yanayotendeka mle.

PALIPOKOSEKANA MFASIRI

Tarehe 29 Januari 1728 John Gay alileta mchezo wake mashuhuri wa nyimbo, ambamo waombaji na wezi ndio mabwana. Mkuu wa biashara ya mali ya wizi humo, Peachum, alichongwa kwa mfano wa Jonathan Wild, aliyejifanya mkamata wezi na huku ndiye tajiri yao, akanyongwa mwaka 1725. Gay alifanya ujanja mwingine. Maneno ya wezi aliyatia katika majina ya watu wake, kama Filch, neno la kuiba, na vinywani mwao akatia maneno ya mabwana wa Bunge. Watu walielewa anachosema: mwizi wa juu na mwizi wa chini hawatofautiani. Mchezo ulionyeshwa mara 62 katika msimu wake wa kwanza, na mchezo wake uliofuata serikali ikaukataza.

Kasisi Thomas Herring aliuhubiri vibaya mchezo huo mwaka uo huo. Jonathan Swift akautetea. Mwaka 1773 Sir John Fielding, hakimu kipofu wa Bow Street, aliwataka wenye kumbi wasiuonyeshe, akisema unaongeza wezi. Mwenyewe alijulikana kwa jina la "Blind Beak", na "beak" ni hakimu katika lugha ya wezi, kwa hiyo lugha aliyoiogopa ilikuwa imekwisha kumpa jina. Samuel Johnson, mwanachuoni wa kamusi, hakuona hatari yoyote: kwa maoni yake wanyang'anyi na wavunja nyumba hawana desturi ya kwenda kutazama michezo.

Ningependa kuishia kwa Johnson, lakini yako ya mwaka 1839. Mwandishi W. H. Ainsworth alitoa hadithi ya Jack Sheppard, kijana mwizi aliyetoroka jela mara kwa mara mwaka 1724 na kunyongwa mwaka uo huo akiwa na umri wa miaka 22. Mwezi Oktoba 1839 ikachezwa katika ukumbi wa Adelphi, Jack akiigizwa na mwanamke, Bibi Keeley, na kumbi nyingine za London zikafanya mbio kuiga. Mlikuwa na wimbo mmoja wa maneno ya wezi ulioimbwa London nzima, na walioufahamu maana yake walikuwa wachache. Ainsworth mwenyewe alikiri kwamba hakuwahi kukaa na wezi. Maneno aliyatoa katika kitabu cha James Hardy Vaux, mfungwa aliyepelekwa Australia, kilichotolewa mwaka 1819. Dekker alikuwa amepata mrithi. Thackeray naye aliandika kwamba katika ukumbi mmoja palikuwa na watu wakiuza mifuko yenye vifaa vya kufungulia milango.

Mwezi Mei 1840 bwana mkubwa mmoja wa London, Lord William Russell, alikutwa kitandani amechinjwa. Muuaji alikuwa mtumishi wake, Courvoisier, na magazeti yakaeneza kwamba alisema fikira hiyo ameipata katika Jack Sheppard. Ainsworth alikanusha. Muuaji alinyongwa mwezi Julai, na tangu hapo ofisi ya serikali iliyosimamia michezo ikakataa kutoa idhini kwa mchezo mpya wenye jina la Jack Sheppard.

Je, mchezo ndio ulioshika kisu? Siamini. Lakini naona tofauti. Moll alitamka neno la mwizi na papo hapo akatoa maana yake, na mfuko ukaahidiwa kurudi. Shadwell alitoa neno na orodha ya maana, na pembeni yake akamweka mjinga anayeliwa. Wimbo wa mwaka 1839 ulitoa neno tupu lenye sauti tamu, na watu wakaliimba kama Belfond.

NILIVYOMJIBU MZEE

Nilirudi barazani na maneno haya, nikamsimulia mzee kisa cha Moll na cha Belfond, na cha Jack Sheppard sikukificha. Alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Nikamwambia: "Mzee wangu, hofu yako ni ya haki. Katika mchezo wa vijana wezi wanasema kinyume na hapana anayefasiri. Watoto watatoka wakiimba maneno ya wezi."

Akafikiri. "Basi na awepo wa kufasiri," akasema. "Awe mtu mzima. Mtu wa kwetu."

Niliwapelekea vijana habari hiyo, wakalichukua daftari lao wakaandika upya. Sasa kivukoni yuko bibi wa buibui, kashika mkoba kifuani, kasimama kati ya wachopozi wawili. Mmoja anamwambia mwenzake: "Bibi leyu, bamko." Bibi yule, mkoba. Hawajui kwamba neno bibi, hata ulipindue vipi, hubaki bibi. Yeye anageuka polepole, anawatazama kama wajukuu zake, anasema: "Bamko pumtu, nguwana." Kisha anawageukia abiria na kuwapa maana: nimewaambia mkoba mtupu, wanangu, na hawa wawili mbele yenu ni wachopozi, shikeni mifuko yenu.

Ukumbi tumeupata. Juzi usiku mzee alikuja kwenye mazoezi, akakaa kiti cha nyuma kabisa, fimbo yake kati ya magoti. Mchezo ulipokwisha vijana walimtazama, hapana aliyethubutu kuuliza. Akainuka, akajifunga shali yake, akasema neno moja tu: bibi huyo aseme kwa sauti zaidi, walio nyuma hawasikii.